Mawe ya Handeni na Korogwe: Kwa nini yakuti haikai na kwazi

KWA mkulima wa Kwaluguru, wilayani Handeni, jiwe ni kero. Linatolewa shambani kabla ya mvua za vuli, linarundikwa mpakani, na mwaka unaofuata plau ya trekta inaibua mengine kana kwamba ardhi inayazaa. Kwa mwenye lori la mchanga na kokoto mjini Korogwe, jiwe hilo hilo ni mzigo wenye bei. Na kwa broka anayepita vijijini akiwa na tochi ndogo na kioo cha kukuzia, linaweza kuwa mtaji wa miaka mitatu au hasara ya siku moja.

Wote watatu hulitazama jiwe kwa rangi na mng'aro, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mchimbaji mdogo akiona mshipa mweupe wa kwazi, lile jiwe gumu linalong'aa kama kioo kilichovunjika, huamini kuwa vito haviko mbali. Kama anatafuta dhahabu, anaweza kuwa sahihi. Kama anatafuta yakuti, ambayo mabroka huiita safaya ikiwa ya buluu na rubi ikiwa nyekundu, kwazi ile ni dalili ya kumhamisha hapo.

Hiyo si siri ya waganga, ingawa wapo wanaolipwa kuonyesha mahali pa kuchimba. Jibu limo katika namna miamba ilivyoundwa, na mfano wake mzuri kabisa uko Kalalani, wilayani Korogwe, upande wa kaskazini mashariki karibu na mpaka wa Kenya.

Koo tatu za mawe

Wataalamu wa jiolojia huyagawa mawe ya dunia katika koo tatu. Ya kwanza ni miamba ya moto, yaani ile iliyoganda kutoka katika mwamba ulioyeyuka. Ya pili ni miamba ya mashapo, iliyotokana na mchanga, tope au mabaki ya viumbe wa baharini yaliyolundikana na kushikamana, kama mawe ya chokaa yenye mapango ya Amboni, Tanga. Ya tatu ni miamba geu, ambayo zamani ilikuwa ya koo hizo mbili, kisha ikazikwa kina kirefu, ikabanwa na kuokwa mpaka ikabadilika sura bila kuyeyuka yote.

Watu wengi huamini kwamba chini ya miguu yetu kuna bahari ya moto. Si hivyo. Chini ya ganda la dunia, mpaka kina cha karibu kilometa 2,900, sehemu kubwa ni mwamba mgumu wenye joto kali. Uzito wa mawe yaliyo juu unauzuia usiyeyuke. Huyeyuka pale tu jambo fulani linapobadilika. Mwamba wenye joto ukipanda juu, shinikizo hupungua nao huanza kuyeyuka, na hayo ndiyo yanayotokea chini ya Bonde la Ufa. Au maji hupenya ndani ya mwamba na kushusha kiwango cha joto kinachohitajika kuuyeyusha. Au magma, yaani rojo la mawe lililokwisha kuyeyuka, husimama chini ya mwamba mwingine na kuuyeyusha kwa joto lake.

Magma ikitoka nje huitwa lava, au zaha, nayo huganda haraka. Ikibaki chini kilometa kadhaa, huweza kuchukua maelfu ya miaka, hata zaidi ya milioni, kabla ya kuganda yote. Anayefahamu mabwawa ya chumvi ya pwani ya Tanga ataelewa tofauti yake: maji yakikauka polepole chumvi hufanya punje kubwa, yakikaushwa haraka hutoka unga. Mawe nayo ni hivyo hivyo. Basalti ya Kilimanjaro ilitoka juu, ndiyo maana chembe zake ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni. Mawe makubwa yaliyopandana ya Mwanza ni itale, ambayo wafanyabiashara huiita graniti. Iliganda chini sana, na chembe zake nyeupe, za kijivu na nyeusi zinaonekana wazi. Mawe yaliyoifunika yameliwa na mvua na upepo kwa muda mrefu, nayo ikabaki nje.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya mwamba wa moto ni la macho tu: chembe zake zinaonekana au hazionekani? Kama hazionekani, uliganda juu au karibu na uso wa ardhi. Kama zinaonekana, uliganda chini. Yapo mawe yasiyo na chembe kabisa, yaliyoganda ghafla kama chupa, na yapo yenye matundu ya gesi yaliyo mepesi kiasi cha kuelea majini.

Silika ndiyo mwenye neno

Swali la pili ndilo lenye fedha: mwamba una silika kiasi gani? Silika ni muungano wa silikoni na oksijeni. Mchanga mweupe wa mtoni sehemu kubwa ni silika, na kwazi ni silika tupu. Kila magma huwa na silika, lakini kiasi hutofautiana, na wataalamu huipanga miamba ya moto kwa kiasi hicho.

Mwamba wenye silika zaidi ya asilimia 63 hivi huwekwa kundi la juu. Huwa na rangi nyepesi, nyeupe, ya waridi au kijivu, na itale imo humo. Kati ya asilimia 52 na 63 ni kundi la kati, ambamo yumo dioriti. Kati ya 45 na 52 ni miamba myeusi na mizito yenye chuma na magnesi nyingi: ikiganda juu ni basalti, ikiganda chini ni gabro. Chini ya asilimia 45 ni miamba yenye njaa ya silika. Mkuu wao ni peridotiti, wa kijani kibichi kilichokolea, ambao ndio mwamba wa kawaida chini ya ganda la dunia. Peridotiti ikipenywa na maji yenye joto hugeuka serpentiniti, jiwe la kijani lenye mng'aro wa mafuta na lenye kuteleza mkononi.

Magma yenye silika nyingi ni nzito kama uji wa ugali ulioanza kushika. Hunasa gesi ndani na kulipuka. Yenye silika kidogo hutiririka kama uji mwepesi. Tanzania ina mfano uliovuka mpaka huo kabisa, Ol Doinyo Lengai, kaskazini karibu na Ziwa Natroni. Lava yake ya kawaida karibu haina silika, ni ya magadi na chokaa, na hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 za Sentigredi, wakati basalti hutoka kwenye nyuzi 1,100 au zaidi. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo.

Majina ya dukani hayafuati mpango huu. Jiwe jeusi la kuwekea jikoni au kaburini linalouzwa kama "graniti nyeusi" mara nyingi ni gabro au jamaa yake. Kwa mujibu wa utaratibu wa kimataifa uliotokana na kazi ya Mswisi Albert Streckeisen katika miaka ya 1970, ili jiwe liitwe itale ni lazima kwazi iwe kati ya asilimia 20 na 60 ya madini yake mepesi kwa rangi. Jeusi tii haliwezi kufika hapo. Mnunuzi hapunjwi kwa jina hilo, kwa kuwa gabro ni ngumu na inang'aa vizuri, ila fundi anayekata anapaswa kujua kwamba amebeba jiwe zito zaidi.

Handeni na Korogwe zina mawe gani?

Hapa inabidi kuwa mkweli kwa msomaji: sehemu kubwa ya mawe ya wilaya hizi mbili si miamba ya moto ya moja kwa moja, bali ni miamba geu. Handeni, Korogwe na milima ya Usambara zimo katika ukanda mrefu wa mawe ya kale unaoitwa Ukanda wa Msumbiji, ambao unapita Kenya, Tanzania na Msumbiji yenyewe. Mawe yake yalibanwa na kuokwa kwa mara kubwa kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, wakati vipande vya mabara vilipogongana. Ndiyo maana jiwe la Handeni mara nyingi huwa na mistari myeupe na myeusi kama kitambaa kilichofumwa. Tanzanaiti ya Mererani, iliyogunduliwa mwaka 1967, nayo ni zao la ukanda huo.

Lakini jiwe geu halisahau wazazi wake. Lililotokana na itale bado lina kwazi nyingi na rangi nyepesi. Lililotokana na basalti au gabro hubaki jeusi na zito, mara nyingi likiwa na vidoto vyekundu vya garneti. Dhahabu ya Magambazi, wilayani Kilindi, eneo lililokuwa sehemu ya Handeni mpaka mwaka 2002, imo katika mwamba mweusi wa namna hiyo wenye garneti.

Ndani ya mawe hayo ya kale, magma iliyokuja baadaye ilipenya kwenye nyufa na kuganda kama mishipa. Mingi ni pegmatiti, yaani mabaki ya mwisho ya magma ya itale. Mabaki hayo huwa na maji mengi, na maji huzipa fuwele nafasi ya kukua, ndiyo maana katika pegmatiti unaweza kukuta bapa la ulanga la ukubwa wa kiganja na kipande cha feldspa cha ukubwa wa tofali. Wachimbaji wanaipenda pegmatiti, na si bure. Humo hupatikana turmalini, akwamarini na feldspa yenye mng'aro wa mwezi.

Yaliyotokea Kalalani

Kalalani na bonde jirani la mto Umba zimejulikana kwa vito tangu miaka ya 1960. Yakuti za Umba zilipata sifa kwa wingi wa rangi zake: buluu, kijani, njano, zambarau, chungwa, na nyingine zinazobadilika rangi kutoka mwanga wa jua hadi mwanga wa taa. Utafiti wa kisayansi uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu Kalalani ulieleza kwamba yakuti zake zimo katika mishipa ya pegmatiti iliyopenya kwenye serpentiniti.

Maelezo hayo mafupi yana mambo mengi ndani. Yakuti ni korundumu, na korundumu ni aluminiamu na oksijeni tu, bila silika hata chembe. Rangi huletwa na uchafu kidogo: chuma na titani kwa buluu, kromu kwa nyekundu. Aluminiamu si adimu, imejaa katika feldspa na katika udongo wa mfinyanzi. Tatizo lake ni kwamba silika ikiwepo ya kutosha, aluminiamu huungana nayo na kufanya feldspa au ulanga. Hapo haibaki aluminiamu ya kufanya yakuti. Kwazi ikionekana katika mshipa ni ushahidi kuwa silika ilitosha mpaka ikabaki ya ziada.

Huko Kalalani magma ya kundi la juu, iliyoshiba silika, iliingia ndani ya mwamba wa kundi la chini kabisa, wenye njaa ya silika. Maji ya moto yakawa mchukuzi kati yao. Silika ikahama kutoka kwenye mshipa kwenda kwenye serpentiniti ya pembeni, na magnesi ikahama kuja upande wa mshipa. Mpakani pakaota ukuta wa ulanga wa kahawia au mweusi, ambao ukioza huwa vermikuliti, ile inayovimba ikitiwa motoni. Mshipa uliopoteza silika ukabaki na feldspa na aluminiamu iliyokosa mwenza. Aluminiamu hiyo ndiyo ikawa yakuti.

Kwa mchimbaji mwenye sururu, somo lake linaonekana kwa macho. Katika mwamba wa namna hii, mahali pa kufuata ni pale mshipa mweupe unapokutana na jiwe la kijani linaloteleza, penye ukuta wa ulanga, na ambapo ndani ya mshipa kwazi imetoweka. Mshipa wa pegmatiti uliopita katika jiwe jepesi lenye kwazi hauna wa kumnyang'anya silika yake, hivyo mwenye shimo hilo atafute turmalini au aache. Dalili hizi hazimhakikishii mtu vito. Mishipa mingi yenye kila sifa haina hata punje moja inayofaa kukatwa. Ila zinapunguza mashimo ya bure, na shimo la bure la mita 10 ni posho, chakula na baruti zilizokwisha kulipiwa.

Serpentiniti ina hatari zake. Baadhi ya mishipa yake ina nyuzinyuzi za asbesto, na vumbi la kwazi linaharibu mapafu taratibu. Kumwagia maji mahali panapotobolewa na kuvaa barakoa ni gharama ndogo kuliko matibabu.

Udongo na maji

Mkulima asiyetaka kusikia habari za vito bado ana sababu ya kuangalia jiwe lililo chini ya shamba lake. Mwamba mweupe wenye kwazi ukioza, feldspa hugeuka mfinyanzi na kwazi hubaki kama mchanga, kwa kuwa kwazi haiozi kirahisi. Udongo wake huwa mwepesi, hupitisha maji haraka na hauna akiba kubwa ya virutubisho. Mihogo huvumilia hapo kuliko mahindi. Mwamba mweusi huoza na kutoa udongo mwekundu wenye mfinyanzi, chokaa na magnesi zaidi, unaoshika unyevu. Migomba na kahawa ya Kilimanjaro inakula matunda ya basalti. Juu ya serpentiniti mambo ni tofauti kabisa: magnesi huzidi mno kuliko chokaa, na nikeli huweza kufikia kiwango cha kudhuru mimea. Mwenye shamba la namna hiyo akiongeza mbolea ya kukuzia peke yake, anatupa fedha. Bila shaka mteremko na mvua nazo zina sehemu yake, na udongo mweusi wa mbugani unaopasuka kiangazi una historia nyingine.

Maji nayo yanategemea mwamba. Mawe haya ya kale hayana matundu ya kuhifadhi maji kama mchanga. Maji hukaa kwenye nyufa na katika tabaka la juu lililooza. Hiyo ni sababu mojawapo ya visima viwili vilivyochimbwa hatua chache kutoka kimoja hadi kingine, kimoja kutoa maji na kingine kubaki kikavu, na ya Handeni kutegemea malambo na bomba la maji ya mto Pangani. Kumlipa mtaalamu apime nyufa kabla mtambo haujafika ni nafuu kuliko kulipia kisima kikavu.

Mizani ya broka

Mfanyabiashara mdogo anaweza kufanya kipimo kimoja bila maabara. Pima jiwe kwenye mizani ndogo ya vito, kisha lifunge kwa uzi na ulipime likiwa limening'inia ndani ya maji. Gawanya uzito wa kwanza kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Jiwe la gramu 8 likipima gramu 6 majini, tofauti ni 2, na jibu ni 4, ambao ni uzito wa korundumu. Likipima gramu 5 majini, tofauti ni 3 na jibu ni karibu 2.7, basi ni kwazi au feldspa, hata kama rangi yake inapendeza vipi. Garneti huangukia kati ya 3.5 na 4.3, hivyo huweza kuchanganywa na yakuti. Lakini yakuti huikwaruza garneti, na garneti haiikwaruzi yakuti.

Kipimo hicho kina tundu. Korundumu ya kiwandani imekuwa ikitengenezwa tangu Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza njia yake mwaka 1902, na uzito na ugumu wake ni sawa na wa yakuti ya ardhini. Jiwe safi mno, kubwa, lisilo na doa wala ufa, likiuzwa machimboni kwa bei ya kuonea huruma, lipelekwe kwa mtaalamu kabla fedha hazijatoka.

Kinyume chake nacho kimewahi kutokea bonde la Umba. Wachimbaji waliotafuta garneti ya zambarau walikuwa wakikuta nyingine ya rangi ya chungwa na waridi, wakaitupa kwa sababu haikuwa ya ukoo wowote waliouzoea, wakaibandika jina la malaya. Ilipopimwa ikaonekana ni garneti kamili yenye mchanganyiko wake, na katika miaka ya 1970 ikaanza kutafutwa na masonara wa ng'ambo. Leo inauzwa duniani kwa jina hilo hilo, wengine wakiandika "malaia" kwa kuona haya.

Kwa anayetaka kuanza, madini yote nchini ni mali ya umma na shamba halimpi mtu haki ya kuyachimba. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inatenga leseni ya uchimbaji mdogo kwa Watanzania, kwa miaka saba inayoweza kuhuishwa, na maombi hupelekwa Tume ya Madini. Mwenye leseni naye hana ruhusa ya kuingia tu kwenye shamba lililolimwa bila makubaliano na mwenye shamba, hivyo maandishi kati yao yafanywe kabla ya shimo la kwanza. Ramani za miamba ya wilaya hizi zipo Dodoma, katika Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), ambayo pia hupima sampuli. Sampuli iwe ya mwamba mbichi uliovunjwa kwa nyundo, si ganda la juu lililooza, nayo iandikwe jina la kijiji na kina ilikotolewa.